Aliyeitika Nyamukombe

Tairi la nyuma lilikuwa limebonyea. Verdiane alishuka, akalibinya kwa kidole gumba, akakuta upepo umejaa kama alivyoujaza saa kumi na mbili asubuhi. Tairi lilikuwa gumu, lakini limelala chini kana kwamba limebeba bidoni mbili za maziwa. Kwenye portbagaji, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, hapakuwa na kitu isipokuwa kamba ya mpira.

"Kinga njo imechoka, ao ni wewe?" Makuza aliuliza. Alikuwa mita ishirini mbele, mguu mmoja chini, kinga yake, yaani baiskeli, imeegemea paja.

"Inavuta."

"Inavuta nini? Ulikula vitabu vya histoire miaka tano pale Goma, ukasahau kula bugali. Panda, twende. Mvua iko nyuma yetu."

Verdiane hakucheka. Alipanda, akakanyaga pedali kwa uzito wake wote, na mnyororo ukalia. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana. Asubuhi alikuwa ameupanda mlima mkali kuliko huo bila kushuka hata mara moja.

Walikuwa wanatoka Nyamukombe, kule ambako milima ya Masisi inaanza kushukia misitu ya Walikale. Zamani Wabelgiji walichimba bati pale, na mpaka leo nyumba zao zimesimama bila paa: kuta za matofali zilizoota majani, bomba la moshi ambalo ndege wamelijaza matawi, ngazi ya mawe yenye vidato kumi na kimoja inayopanda kwenda kwenye ghorofa ambayo haipo tena. Verdiane alivihesabu vidato. Alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu anapoogopa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na reli, kigari cha chuma kilichopinduka, na juu kidogo, mdomo wa mgodi.

Ni humo alimokufa kaka yake, Théoneste, miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi na moja. Yeye na rafiki yake Makuza walikuwa wamerudi kuchimba katika shimo la wazungu kama vijana wengine wengi. Makuza alitoka nje kuchota maji, na mlima ukaanguka nyuma ya mgongo wake. Tangu siku hiyo Makuza alikuwa mtu wa kubeba maziwa kwa baiskeli kutoka malishoni, na hakutaka kuambiwa neno shimo. Théoneste hakutolewa. Familia ilifanya kinachofanywa mtu asipopatikana: baba yake, Papa Gakwaya, alikata mgomba wa urefu wa mwanawe, wakauvika koti lake, wakauweka kwenye jeneza, wakauzika nyuma ya nyumba.

Lakini kulikuwa na kazi ya pili, na hiyo ilibaki. Mtu wa tumbo moja na marehemu lazima aende mahali alipoangukia, amwite, amwonyeshe kwamba kaburi lake lipo nyumbani. Verdiane ndiye aliyebaki wa tumbo hilo. Miaka miwili barabara haikupitika. Ilipofunguka, aliazima baiskeli ya baba yake na kumwomba Makuza amsindikize.

"Uite jina yake, na jina ya mama yenu, na jina ya kilima," Makuza alimwambia pale kwenye ngazi. Yeye hakukubali kwenda mbele zaidi. "Mara tatu. Usikosee."

Verdiane alipanda peke yake. Mdomo wa mgodi ulitoa hewa ya baridi yenye harufu ya udongo uliolowa na chuma kilichooza. Alifungua kinywa chake, na jina halikutoka. Katika maisha yake yote hakuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe. Kwao mdogo hamwiti mkubwa kwa jina. Tangu alipojifunza kusema, Théoneste alikuwa Kaka, basi. Alijaribu tena, akasikia machozi yanakuja, na kwa haraka, kwa sauti ndogo, akasema neno alilolizoea.

"Kaka. Kaka, twende nyumbani. Mama anakungoja."

Ndani kabisa, kokoto moja iliviringika.

Aliposhuka, Makuza aliuliza kama imekwisha. Alijibu kwamba imekwisha.

*

Mama yake, Dancille, alikuwa amesimama mlangoni walipofika. Kwa miaka miwili mwanamke huyo alikuwa anakula kiazi kimoja kwa siku, na hata hicho ni kwa kubembelezwa. Hakumtazama Verdiane. Alitazama nyuma yake, kwenye portbagaji, muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Karibu," alisema.

Jioni hiyo alipika bugali na maharagi, akapakua sahani moja zaidi, akaipeleka kwenye chumba cha Théoneste, akafunga mlango. Kisha akala. Alikula sahani nzima, akaomba maziwa. Papa Gakwaya alimtazama mke wake mpaka akasahau chakula chake mwenyewe.

"Mungu asifiwe," alinong'ona. "Verdiane, umefanya kazi ya mtu mzima."

Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa na furaha ya kutembea kwa ncha za vidole. Asubuhi walisikia kitanda kikilia katika chumba cha Théoneste, kama mtu anajinyoosha. Mchana, watu wakiwa kimya, kulisikika kitu kikigonga ukuta kwa ndani: ko, ko, ko, kisha kupumzika, kisha tena ko, ko, ko. Dancille alitabasamu. "Anazoea," alisema. Alianza kuimba nyimbo za kanisani akifua. Sahani iliyopelekwa ndani ilirudi ikiwa na chakula chote, lakini chakula kimepoteza ladha na chumvi, kimekuwa kama majivu yaliyolowa. Hata mbwa alikinusa akaondoka.

Wiki ya pili ng'ombe walikataa kupita karibu na dirisha la chumba kile. Papa Gakwaya aliwapiga kwa fimbo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na bado wakazunguka nyumba nzima wakikanyaga bustani ya mboga. Maziwa yaliyokamuliwa jioni yaliamka na utando mwekundu juu, mwembamba kama unga. Harufu ya udongo uliolowa iliingia kwenye mablanketi. Na Dancille akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu aliyekaa muda mrefu penye vumbi. Alikuwa anafunika mdomo kwa kitenge chake. Siku moja Verdiane alikichukua kitenge hicho kukifua, akakuta kina madoa. Alidhani ni damu. Alikipeleka kwenye mwanga, akapangusa kwa kidole: ulikuwa udongo mwekundu, laini, wenye chembe zinazong'aa.

Siku iliyofuata aliamka kabla ya wengine na kukuta nyayo kwenye sementi ya sebuleni. Zilitoka chumba cha Théoneste, zikaenda mpaka mlango wa wazazi wake, zikasimama hapo. Zilikuwa za miguu mitupu, zenye matope. Verdiane alipiga magoti na kuzipima kwa kiganja chake. Théoneste alivaa viatu namba arobaini na tatu. Viatu vyake vya Jumapili bado vilikuwa chini ya kitanda. Unyayo huu ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vinne vya mkono. Na mguu wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vya nje havikuwepo.

Mlango wa wazazi ulifunguka. Dancille alitoka na tambara na beseni la maji, kimya, kama mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Alianza kufuta.

"Mama," Verdiane alinong'ona. "Mama, angalia huu mguu."

"Nimeuona."

"Haiko Kaka."

Dancille aliendelea kufuta. "Mutoto wangu nilimuogesha mwenyewe. Vidole vyake navijua. Unafikiri ni wewe wa kunifundisha?"

"Sasa ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulipomushusha kwa kinga."

"Mama! Kwa nini haukusema?"

Dancille alikaa juu ya visigino vyake. Alikohoa, akangoja kikohozi kipite, akapangusa midomo. Uso wake ulikuwa umekonda, na katika mikunjo ya macho yake kulikuwa na vumbi jekundu ambalo maji hayakuwa yanalitoa.

"Aliingia akatetemeka hapo mulangoni," alisema polepole. "Akaniita Mama. Hakuna mutu alikuwa ananiita hivyo kwa sauti ya mwanaume, miaka mbili. Wewe ungefanya nini? Ungemwambia rudi kwenye shimo?"

*

Papa Gakwaya alipoelezwa, alitoka bila kofia kwenda kumwita Mama Epiphanie, kiongozi wa chumba cha maombi. Alikuja saa nne asubuhi, mwanamke mnene, mwenye pumzi fupi, na Biblia iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili kurasa zisianguke.

"Msiniangalie kama maiti," aliwaambia akiingia. "Nilifukuza majini ya Goma, yenye kuvaa viatu vya bei na kuomba soda ya baridi. Huyu wa shimo atanishinda?"

Kisha alifika mlango wa chumba cha Théoneste, na Verdiane akaona utani unamtoka usoni.

Walimkalisha Dancille kitini katikati ya sebule. Madirisha yalikuwa wazi, jua liko nje, kuku wanaparua uani. Epiphanie aliweka mkono kwenye kichwa cha Dancille na kuanza kuomba, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa nguvu, akiamuru kila kisicho cha nyumba hii kitoke. Na kadiri alivyoomba harufu ya udongo ilizidi, ikawa nzito kiasi kwamba Papa Gakwaya aliziba pua kwa mkono wa shati, na ko, ko, ko ikaanza ukutani, ikatoka ukutani ikaingia sakafuni, ikatoka sakafuni ikaingia kwenye kiti, mpaka Verdiane alipoona kwamba ni mama yake mwenyewe anayegonga, kwa fundo la kidole chake cha kati, ubavuni mwa kiti, huku macho yake yamefungwa na kinywa chake kinafunguka bila yeye kukifungua.

"Niliitwa," sauti ilisema. Ilikuwa ya mwanaume, iliyokauka.

"Nani alikuita?" Epiphanie aliuliza.

"Dada. Alisema kaka. Alisema Mama anangoja."

Verdiane alishika ukuta.

"Tulikuwa wengi ndani," sauti iliendelea, bila hasira. "Kila mutu alikuwa kaka ya mutu. Mimi nilikuwa karibu na mulango."

"Jina yako? Na ya mama yako?"

Nje, jogoo aliwika, na sauti yake ilionekana kutoka mbali sana.

"Karangwa. Wa Umurerwa."

"Wa kilima gani?"

"Nimesahau. Wazungu walituleta kwa lori. Kulikuwa mvua." Mkono wa Dancille ulifunguka na kujifunga juu ya goti lake. "Mwambie Umurerwa nilikatwa vidole vya muguu tu. Asilie. Nitarudi."

Epiphanie aliondoa mkono wake. Alikaa chini, kwenye sementi, kama mtu aliyeangushwa.

"Mimi nimezoea wenye kuja kuiba," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu aliitwa, njo maana alikuja. Nikimvuta kwa nguvu atatoka na pumzi ya huyu mama. Amemushika kama mutoto anashika kitenge."

Dancille alifumbua macho. Sauti iliyotoka sasa ilikuwa yake.

"Mumukatie mugomba," alisema.

"Dancille," mume wake alisema. "Tuzike mutu hatumujui, karibu na mutoto wetu?"

"Pale kwa mutoto wetu kuko mugomba, Gakwaya. Unaogopa nini?"

Walimzika Karangwa alasiri hiyo. Mgomba ulikatwa mfupi. Kwa kuwa hawakuwa na nguo yake, Dancille aliufunga kwa kitenge chake kipya cha Krismasi, na kabla ya kuushusha aliinama akauambia, mdomo karibu na ganda, kwamba kaburi hili ni lake, kwamba hakuna atakayemtoa, na kwamba Umurerwa hakulia. Epiphanie aliandika jina kwenye ubao kwa rangi ya dirisha. Siku ya tatu kikohozi kilikoma. Maziwa yaliamka meupe. Ng'ombe walipita dirishani.

Na Dancille akarudi kwenye kiazi chake kimoja.

Alikuwa anakaa mlangoni akitazama barabara. Siku ya tano Verdiane alikaa karibu naye, na maneno aliyokuwa ameyashika tangu siku ya maombi yakamtoka.

"Mama, sikuita jina. Nilishindwa. Nilisema Kaka tu."

Alingoja kofi, au kilio. Dancille alimshika mkono, akaukunja vidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa anafanya Verdiane akiwa mdogo na kuumwa.

"Basi bado hajasikia," alisema.

*

Makuza aligoma kurudi Nyamukombe, kisha akakubali, kisha akagoma tena, na asubuhi akawa wa kwanza kufika na baiskeli yake. Barabarani hakufanya mzaha hata mmoja.

Verdiane alipanda ngazi, akapita kigari, akasimama kwenye mdomo wa mgodi. Hewa ya baridi ilimpiga usoni. Safari hii hakungoja.

"Théoneste! Théoneste wa Dancille, wa kilima cha Rubara!"

Jina lilikuwa geni kinywani mwake, kubwa, kama kula kwa kijiko cha mtu mwingine. Aliliita mara ya pili. Mara ya tatu aliliita akilia waziwazi. Mgodi ulimrudishia sauti yake, ukanyamaza. Kisha ndani kokoto ziliviringika: si moja, nyingi, kutoka pande nyingi.

Alishuka, akapanda baiskeli. Ilikuwa nyepesi. Alikanyaga pedali moja na baiskeli ikateleza kama haina mtu, na wepesi ule ulimuumiza kuliko uzito wa mara ya kwanza, kwa sababu alijua maana yake. Alilia kilomita nne za kwanza bila kupangusa uso. Makuza alimfuata nyuma, na walipovuka daraja la miti akamkaribia.

"Verdiane," alinong'ona. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usigeuke."

"Nini?"

"Usigeuke, dada. Kanyaga tu. Haiko kwenye kinga. Iko barabarani."

Akasikia basi kile ambacho kilio chake kilikuwa kimekifunika: miguu mitupu kwenye changarawe, mingi, isiyokimbia wala kuchelewa, inayopanda wanapopanda na kushuka wanaposhuka, na katikati ya hatua hizo kikohozi hapa na kikohozi pale, kikohozi cha watu waliojifunza kukohoa kwa adabu gizani ili wasiwasumbue wenzao, na harufu ya udongo uliolowa ikawapita na kutangulia mbele yao kama inajua njia, wakati Makuza nyuma yake anasema Baba Yetu, anafika katikati, anasahau, anaanza upya, na yeye anahesabu mizunguko ya pedali mpaka mia nne na kupotea na kuanza upya pia, kilima baada ya kilima, mpaka moshi wa jiko la kwao ulipoonekana.

Waliingia uani saa kumi na moja. Makuza aliangusha baiskeli yake na kuingia ndani bila kubisha hodi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni kama kila jioni ya msimu huo, na Verdiane, akiwa tayari ndani ya nyumba, mikono yake miwili kwenye mlango, ndipo alipogeuka.

Walikuwa wamesimama nje ya uzio wa matete. Hawakuingia. Walijipanga mmoja nyuma ya mwingine kama wagonjwa kwenye kituo cha afya, mstari unaoanzia kwenye lango, unaofuata uzio, unaopinda konani na kushuka kwenye ukungu kuelekea barabara ya Walikale. Nyuso hazikuonekana. Ilionekana miguu tu, chini ya matete, yenye matope mekundu, mingine yenye viatu vya mpira vya siku hizi, mingine mitupu.

"Wamesikia," Makuza alisema nyuma yake, meno yakigongana. "Ule mwenzao alipata kaburi. Wamesikia kama hapa kuko mama."

Papa Gakwaya alishika panga, akalitazama, akakaa kwenye benchi.

"Dancille, ufunge mulango," alisema. "Nakuomba."

Dancille alikuwa ameshasimama. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akapitisha kiganja kichwani kulaza nywele kama mtu anayetoka kupokea wageni, akampita Verdiane. Alivuka ua. Alifika langoni, kwa wa kwanza.

"Jina yako nani, mwanangu?" Verdiane alimsikia akiuliza. "Na mama yako?"

Jibu halikusikika hadi mlangoni. Kilichosikika ni Dancille tu, akirudia alichoambiwa ili asikisahau.

"Cyusa. Wa Carmel. Sawa. Ungoje hapo, usiende."

Alisogea kwa wa pili. Alisogea kwa wa tatu. Aliuliza kila mmoja kwa sauti ileile, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo, akiinamisha kichwa kusikiliza, kisha akasema pole, akasema sawa, akasema ungoje, akaendelea na uzio mpaka konani, ambako ukungu ulimchukua mabega, kisha kichwa. Sauti yake iliendelea kushuka bondeni. Wa nani? Sawa, mwanangu. Na wewe, wa nani? Verdiane aliacha kuhesabu. Alisimama mlangoni na kutega sikio, akingoja kumsikia mama yake akirudia jina la Kaka, na baada yake jina lake mwenyewe: wa Dancille.